Shukrani ya punda ni mateke? Hebu jiangalie kwanza

Kama unaishi mtaa ambao maji ya mfereji hutoka mara moja kwa wiki, bila shaka unamjua punda wa maji. Unasikia kwato kwenye lami, mitungi ikigongana, kisha mlio wa mjeledi. Unatoka na ndoo zako, unalipa, unarudi ndani.

Jumamosi moja nilikuwa na nguo za wiki mbili na tangi la ploti yetu lilikuwa kavu kabisa. Nikampigia jamaa wetu wa maji: lete mitungi kumi, tena haraka. Majirani nao walikuwa wameagiza, kwa hivyo alikuja na 25. Pale kwenye kamlima ka kuingia getini, punda akapiga magoti. Jamaa akamchapa. Akamchapa tena na tena. Kifuani, mahali kamba inapobana, niliona kidonda kibichi kimejaa nzi.

Nikajitia ujasiri: "Bro, si umpumzishe kidogo?"

Akaniangalia, wala hakukasirika. "Si ni wewe umeniambia nifanye haraka?"

Nilikosa la kusema.

Hebu piga hesabu nami. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi 25 ni kilo 500, na hapo hujaweka uzito wa mkokoteni. Punda wetu wengi wa hapa Kenya hawafiki kilo 200. Ni kweli magurudumu husaidia kwenye lami tambarare, lakini ukifika mlimani au kwenye matope, mzigo wote unamrudia yeye.

Na usidanganywe na ukimya wake. Mbwa akiumia atalia mtaa mzima usikie. Punda huficha maumivu, na ndiyo maana tunasema ni sugu. Ukiona amepiga magoti, jua aliishiwa nguvu kitambo.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpakia mzigo kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa na kidonda. Hata mwenye punda anayeruhusu hayo ana kesi. Lakini wewe umewahi kuona nani amekamatwa?

Kinachoniuma ni kwamba tunajua kumtetea punda tukitaka. Unakumbuka vile vichinjio vinne vilivyofunguliwa kuanzia 2016, ngozi zikipelekwa China kutengeneza ejiao, dawa yao ya kienyeji? Wezi walikuwa wakichuna punda usiku na kuacha mizoga vichakani. Wafugaji waliandamana, na Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku biashara hiyo. Mahakama Kuu ilitengua marufuku hayo Mei 2021, lakini Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tulishangilia, na ilifaa tushangilie. Lakini ngozi hiyohiyo tunaichanachana wenyewe kwa mjeledi, mchana kweupe, mbele ya geti letu.

Najua utaniuliza, na huyo kijana ale nini? Swali la haki. Wengi wao punda si wao. Jioni mwenyewe anangoja pesa zake, maji yauzike yasiuzike. Mimi sitaki kijana apoteze kazi. Nataka tuache kumlaumu peke yake, kwa sababu haraka ni yetu na bei ya chini tunaitaka sisi.

Kwa hivyo anza na kidogo. Agiza maji mapema, kabla tangi halijakauka. Mwambie alete kwa awamu mbili, na umwongezee shilingi kadhaa za safari ya pili. Kwenye mlima, weka simu mfukoni usukume mkokoteni. Ukiona kidonda, mwambie huyo punda apumzishwe, na usinunue maji yake siku hiyo.

Jamaa aliporudi wiki iliyofuata, nilimwekea punda beseni la maji kabla ya kulipa. Mnyama anayetubebea maji kutwa nzima alikunywa lile beseni lote bila kuinua kichwa. Eti shukrani ya punda ni mateke. Ebu niambie, miaka yote hii nani amekuwa akimpiga mwenzake?