Brigid: Jina lililokataa kushushwa

Tangu mwaka 2023, Ireland ina sikukuu mpya ya mapumziko kila mwanzoni mwa Februari, kwa heshima ya Mtakatifu Brigid wa Kildare. Ndiyo ya kwanza nchini humo kubeba jina la mwanamke, na heshima hiyo ilikuwa imecheleweshwa mno.

Brigid ni jina la kale la Kiselti, maana yake aliyetukuka. Kabla ya Ukristo lilikuwa jina la mungu wa kike, binti wa Dagda. Kamusi ya kale ya Cormac inaeleza kwamba washairi walimwabudu, na kwamba alikuwa na dada wawili walioitwa Brigid vilevile: mmoja wa uganga, mwingine wa uhunzi.

Kisha akaja mtawa wa jina hilo, wa karne ya 5 na ya 6, aliyeanzisha monasteri Kildare. Masimulizi yanasema alimwomba mfalme wa Leinster ardhi, akanyimwa. Akaomba basi apewe walau eneo litakalofunikwa na joho lake. Mfalme akakubali, joho likatandazwa, nalo likatanuka hadi likafunika uwanda mzima.

Hadi leo, mkesha wa tarehe 1 Februari, familia husuka msalaba wa Brigid kwa nyasi za bwawani. Nyasi moja hukunjwa juu ya nyingine, kazi ikizungushwa mkononi kila mkunjo, mpaka katikati patokee mraba na mikono minne iliyofungwa ncha. Hutundikwa juu ya mlango ili nyumba isipatwe na moto wala njaa.

Lakini njaa ilikuja. Baada ya mazao ya viazi kuoza mwaka 1845, wasichana wengi wa Ireland walivuka bahari kwenda kufanya kazi za ndani Boston na New York. Huko matajiri wakawaita wote Bridget au Biddy, hata asiyekuwa na jina hilo, na magazeti yakawachora kwa dhihaka. Wako waliolikwepa jina, wakajiita Delia. Wasichana hao wote ndio waliotuma nyumbani senti walizozichuma jikoni kwa watu, wakawalipia wadogo zao nauli ya meli. Wa kuona aibu hawakuwa wao.

Katika parokia zetu wamo akina Brigita na Bridget. Wengi somo wao ni Birgitta wa Sweden, anayekumbukwa tarehe 23 Julai, lakini hata yeye jina lake lilitoka kwa mtawa wa Kildare. Mzazi anayempa bintiye jina hili amweleze habari zake zote: za mtawa aliyepata ardhi mbele ya mfalme, na za mtumishi wa ndani aliyeokoa ukoo wake. Wote wawili walistahili kuitwa waliotukuka.