Ulizaliwa Mwaka Gani? Chanjo Zako Zinategemea Hapo

Angalia mkono wako wa kushoto. Kuna kovu dogo? Hiyo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo Wakenya wengi hudungwa wakiwa wachanga. Wengi wetu tukiliona tunajiambia, "Mimi nilichanjwa, niko sawa." Pole, msee. Kovu hilo halisemi lolote kuhusu magonjwa mengine.

Chukua hepatitis B. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto Kenya mwishoni mwa 2001. Ulizaliwa kabla ya hapo? Basi hukuipata kliniki, hata kama mamako hakukosa siku hata moja. Virusi hivi huambukizwa kwa damu na kwa ngono, na vinaweza kuharibu ini kimyakimya kwa miaka.

Ukambi nao? Kwa miaka mingi ratiba ilikuwa na dozi moja tu, ya miezi tisa, ambayo hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Dozi ya pili, ya miezi 18, ilikuja 2013. Kampeni za 2002 na 2016 zilijaribu kuziba pengo kwa watoto hadi miaka 14, lakini si kila mtu alifikiwa. Miaka mitatu tu baada ya ile ya 2002, ukambi ulizuka tena Nairobi.

Sasa mbona ujali na wewe ni mtu mzima? Kwa sababu virusi vya ukambi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea. Yaani unavisambaza kwa matatu ukidhani ni homa tu. Mtoto wa jirani wa miezi mitano hajafikisha umri wa kuchanjwa. Ngao yake ni sisi, na ili ishike, watu 95 kati ya 100 lazima wawe na kinga.

Pepopunda ni tofauti. Hutoka kwenye uchafu, si kwa mtu, kwa hivyo hakuna wa kukukinga. Na nguvu ya chanjo yake hupungua na miaka. Ukikatwa na mabati, usingoje.

Leo jioni mpigie mamako, umuulize kijitabu cha kliniki kiko wapi. Kama kilipotea, ingia kituo cha afya, uliza kuhusu kupimwa hepatitis B na chanjo zilizokupita. Ukitoka huko, mwambie rafiki yako naye aende.