Gazi ya klimatizeri haiishi yenyewe

Hapa Lubumbashi mwezi wa 10 mnaujua: mvua bado, na jua linachoma tangu asubuhi. Gari la chama chetu, Toyota ya zamani yenye usukani mkono wa kuume, ndilo linalobeba sufuria za bukari kwenda matanga na kurudisha nyumbani wamama waliojifungua. Mwaka jana tulimchukua mama na mtoto wa siku tatu kutoka materinite. Tukawasha klimatizeri, ikatoa upepo wa moto kama wa mbabula. Tukashusha vioo, vumbi la barabara likamwingilia mtoto.

Garaji moja ikatuambia gazi imekwisha. Tukalipa dola 40, baridi ikarudi. Baada ya majuma matatu, joto tena. Tukalipa 40 nyingine. Feza hiyo ilitoka katika sanduku letu la likelemba, na manung'uniko yakaanza, kwa haki.

Ndipo tukauliza na kujifunza. Kitu kilichotushangaza ni kwamba gazi ya klimatizeri hailiwi kama mafuta ya motere. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, kuna mahali inapotokea, na anayeiongeza bila kutafuta mahali hapo anajaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Lakini si kila joto ni gazi. Upepo ukitoka kidogo hata mkiuweka kwa nguvu yote, tazameni kwanza filtiri ya hewa ya ndani. Katika magari mengi inakaa nyuma ya kisanduku cha kutilia karatasi, mbele ya abiria. Yetu ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na majani makavu ndani. Kuitoa hakukuchukua hata dakika kumi.

Upepo ukiwa na nguvu lakini ni wa moto, fungueni kapo. Kwanza fungeni vizuri kitenge na kilemba, vueni bangili, na msitie mkono karibu na mkanda wala ventilateri, kwa sababu ventilateri inaweza kujiwasha hata motere ikiwa imezimwa. Kazi hii ifanyeni nje, si ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wa gari unaua bila harufu kali. Mmoja abonyeze butoni ya klimatizeri, mwingine asikilize. Kompresa ikishika, inasikika "ta!" na sahani ya mbele yake inaanza kuzunguka. Isiposhika, angalieni fizible yake; ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya namba ileile, kamwe si kubwa zaidi. Fizible ikiwa nzima, huenda gazi ni kidogo mno, au ni umeme, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna gari linalopoa likikimbia na kutoa joto likisimama kwenye foleni. Hapo angalieni ventilateri ya mbele, na ile inayofanana na radiateri, iliyo mbele yake. Ikijaa vumbi na wadudu, ioshwe kwa maji ya polepole, motere ikiwa imezimwa na imepoa.

Kwetu kompresa ilishika kidogo na kuachia, ikashika tena. Tukafuata mabomba kwa macho, na tochi ya telefone. Kwenye kiungo kimoja tukakuta doa la mafuta, vumbi limegandamana juu yake. Gazi inatembea na mafuta ya kompresa, kwa hiyo mahali inapotokea huacha alama. Hatukufungua kitu: gazi hiyo ikitoka kwa nguvu inagandisha ngozi na kuharibu macho. Pia, mtu akiwaambia atie gazi ya kupikia kwa sababu ni bei rahisi, ondokeni. Inawaka moto.

Tulikwenda kwa fundi mwingine, tukamwonyesha doa. Alibadilisha mviringo mdogo wa mpira, akavuta hewa yote ndani ya mabomba kwa mashine, ndipo akatia gazi. Mpira wenyewe ulikuwa bei ndogo kuliko kilo moja ya makayabu.

Juma lililopita gari lile lile lilitoka materinite na mapacha, vioo vimefungwa. Mama yao aliomba tupunguze baridi.