Mchawi Mwenye Misuli na Hukumu ya Saa Mbili

Pillars of Eternity ilipoingia sokoni Machi 26, 2015, wengi wa waliokuwa wakiisubiri walikuwa wameshailipia. Mwaka 2012 studio ya Obsidian ya California ilikuwa imepitisha mchango mtandaoni kupitia Kickstarter, ikiomba dola milioni 1.1, ikapata karibu milioni 4 kutoka kwa watu zaidi ya 73,000. Walichangia ahadi: kurudishiwa aina ya gemu iliyokuwa imeadimika madukani, safari ndefu ya kikosi cha mashujaa katika nchi ya kubuni, ikitazamwa kutoka juu kwa mshazari, kama Baldur's Gate ya 1998 na Planescape: Torment ya 1999. Maoni ya kwanza yalipokuja yalikuja na uzito wa miaka hiyo yote ya kusubiri. Mandhari yalisifiwa. Wingi wa maandishi ulilalamikiwa. Na wapo waliocheka, wengine kwa hasira, walipogundua kwamba katika nchi hii mchawi hatari ni yule mwenye misuli. Kwa maoni yangu, hukumu za namna hii zisikilizwe kama ushahidi wa shahidi: kabla ya kuuliza kama anasema kweli, uliza alikuwa amesimama wapi, na kutoka pale aliweza kuona nini.

Tuanze na huo mshazari wenyewe. Katika picha ya kawaida kitu kilicho mbali huonekana kidogo. Katika mchoro wa aina hii nyumba ya mwisho ya kijiji ina kipimo kilekile cha nyumba ya kwanza, na jicho limeinuliwa kiasi cha kuona paa na kuta mbili kwa pamoja. Miaka ya tisini hiyo ilikuwa njia ya kuzipa kompyuta dhaifu mzigo zinaoweza kuubeba, kwa kuwa mandhari yalichorwa mapema na kutandikwa kama zulia, kisha mashujaa wakatembezwa juu yake. Obsidian waliifuata desturi hiyo kwa makusudi, na faida yake kubwa leo ni ya kivita: mchezaji anawaona watu wake sita wote, anasitisha pambano kwa kubonyeza kitufe kimoja, anampa kila mmoja kazi yake, kisha anaruhusu mapanga yaendelee. Kati ya haya yote, saa mbili za kwanza za kucheza zinatosha kupima nini? Zinatosha kupima kile ambacho macho na masikio hukipokea papo hapo. Uzuri wa picha, muziki, ukubwa wa herufi, muda unaopotea kila mlango unapofunguliwa: mambo haya hayabadiliki sana kati ya saa ya kwanza na ya sitini, na aliyeyasema siku ya kwanza aliyasema kwa haki.

Shida inaanza kwenye kanuni. Gemu za zamani zilirithi sheria za Dungeons & Dragons, na humo mchawi anahitaji akili, mpiganaji anahitaji nguvu, na mchezaji aliyekosea mgawanyo huo siku ya kumuumba mhusika wake anaburuta kosa hilo mpaka mwisho. Josh Sawyer, aliyeongoza utengenezaji wa Pillars of Eternity, alitaka kuuondoa mtego huo. Sifa za mhusika ni sita, na kila moja ina faida kwa kila mtu. Ile iitwayo Might, yaani nguvu, inamwongezea mwenye nayo asilimia 3 ya madhara anayosababisha, na ya uponyaji pia, kwa kila pointi inayozidi 10, awe ameshika shoka, bunduki au kitabu cha uchawi. Akili nayo inapanua eneo la athari na kurefusha muda wake. Piga hesabu: moto ambao ungemjeruhi adui pointi 50 unafika 62 ikiwa anayeurusha ana nguvu 18, lakini akiwa na akili ndogo, mduara wa moto huo unakuwa finyu, na maadui wawili waliosimama pembeni wanabaki wazima. Hapo pana uamuzi wa kweli, tena mtamu. Ila hauonekani ngazi ya kwanza, wakati mchawi ana uwezo wa kutumia uchawi wake mkubwa mara chache tu kabla ya kupumzika, na asilimia 3 inamezwa na bahati ya kulenga au kukosa. Ni kama kutazama bao la kete wakati wachezaji bado wananamua, kila mmoja akiziingiza moja moja zile kete 22 za mkononi, ukaondoka barazani ukasema mchezo huu umeujua. Mtaji, hatua inayofuata, hujauona.

Kuna watakaosema kwamba waliochanga hawakuwa wageni, na mzoefu huzisoma kanuni kwa kasi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kwenye suala la nguvu, uzoefu ndio uliowapoteza: mtu asiyejua Dungeons & Dragons hakuwa na sababu ya kushangaa. Tena mzoefu ana mizani iliyopinda. Upande mmoja anaweka saa za mwanzo za mchezo mpya. Upande wa pili anaweka Baldur's Gate nzima, ikiwa imeshachujwa na miaka 16 ya kukumbukwa. Hebu tuzitazame saa za mwanzo za Baldur's Gate yenyewe. Mchawi wa ngazi ya kwanza anaondoka Candlekeep akiwa na pointi za uhai 4, au kidogo zaidi akijaliwa. Akifika nyumba ya wageni ya Friendly Arm, kwenye ngazi za mlangoni anakutana na mtu anayemsalimu kirafiki na kutaka kumjua. Huyo ni Tarnesh, muuaji wa kukodiwa. Mara anajizungushia vivuli vinavyofanana naye ili apigwe asiyekuwepo, anaachia mishale ya uchawi isiyokosa shabaha, na kikosi kinatawanyika kwa hofu au kinalala chini, mchezaji akirudi kupakia alipohifadhi. Mchezo ambao leo ungefanya hivyo katika saa yake ya pili ungeitwa katili. Tarnesh anasimuliwa kwa kicheko, kwa sababu wanaomsimulia walimpita.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlango ni sehemu ya nyumba, na mtunzi anayeomba saa ishirini kabla ya kuanza kupendeza anaomba visivyo vyake. Hapa nakubali, na Pillars of Eternity inatoa mfano unaouma. Mapema kabisa shujaa anapata kipawa cha kuziona nafsi za watu. Muda si mrefu anaingia Gilded Vale, kijiji ambacho watoto wanazaliwa bila nafsi na maiti zinaning'inia kwenye mti mkubwa. Mandhari hayo yanatisha vizuri mno. Lakini hapo hapo kijijini wamesimama watu wenye majina ya rangi ya dhahabu. Ukiwabofya hawaongei, unaletewa kisa cha nafsi yao, maandishi mazito yasiyohusiana hata chembe na safari yako. Walikuwa zawadi kwa waliochanga fedha nyingi. Mchezaji mpya, ambaye ametoka kuambiwa kwamba kuona nafsi ndiyo kazi yake, atawasoma wote kwa utiifu, mmoja baada ya mwingine, akitafuta uzi usiokuwepo. Aliyelalamika siku ya kwanza kwamba maneno yamezidi na hayana mwelekeo alikuwa akielezea kasoro halisi, na mgeni peke yake ndiye aliyeweza kuielezea, kwa kuwa mzoefu wa saa kumi alikuwa ameshajifunza kuwapita bila kuwatazama.

Hata hivyo, kuona kasoro ni jambo moja na kuijua asili yake ni jingine. Mchezo ulitoka ukiwa na hitilafu ya ajabu: ukimvika mhusika kifaa kwa kubofya mara mbili, angeweza kupoteza nyongeza zake za kudumu, na hakuna kilichokuambia kwamba zimekwenda. Hitilafu hiyo ilizibwa katika viraka vya mwanzo. Lakini fikiria aliyeandika siku hizo kwamba wapiganaji wake wanazidi kudhoofika. Huenda alikuwa anahukumu kubofya kwake. Pathfinder: Kingmaker ya studio ya Owlcat ilipata mkosi wa namna nyingine Septemba 2018, pale kikosi kichanga kilipotumwa kwenye pango lenye makundi ya buibui wadogo wasiotishika kwa upanga. Dawa yao ni moto, na anayezijua sheria za mchezo wa mezani uliozaa gemu hii alibeba moto. Wengine walikufa bila kujua wamekosa nini, wakasema ugumu umepangwa vibaya. Walichokosa kilikuwa maelezo.

Na pesa je? Mnunuzi hana wajibu wa kusubiri. Tangu Juni 2015 duka la Steam linarudisha fedha kwa aliyecheza chini ya saa mbili, mradi aombe ndani ya siku 14 za ununuzi. Mchezaji mwenye subira anaweza kuimaliza sehemu nzuri ya muda huo akiwa bado anachagua jamii, kazi na sifa za mhusika wake. Sina ugomvi na anayerudisha. Mfuko ni wake, na kutopendezwa hakuhitaji ushahidi. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata, pale "sikupendezwa" inapogeuka kuwa "kanuni zimeharibika," kisha watengenezaji wakashinikizwa kuzibadili.

Tena haikuwa rahisi kuwapuuza waliocheka, kwa sababu mchezo wenyewe uliwapa silaha: kwenye mazungumzo, nguvu ileile inayokuza moto wa mchawi ndiyo inayomwezesha kuvunja vitu na kutisha watu kwa mabavu. Obsidian walisikia. Walipokuwa wakitengeneza sehemu ya pili, Deadfire, waliitenga nguvu ya mwili ibaki na silaha, na ukali wa uchawi wakauhamishia sifa nyingine, ile ya uthabiti. Mpangilio huo waliupeleka kwa wachangiaji waujaribu kabla mchezo haujatoka. Wachangiaji waliucheza. Deadfire ilipofika madukani Mei 2018 mpangilio wa zamani ulikuwa umerudishwa, na mchawi na misuli yake.