Sauti Moja, Bila Maiki

Mwalimu yeyote wa kwaya kuanzia Sirari hadi Mugumu anajua kupanga sauti nne. Mpe waimbaji ishirini na majuma machache kabla ya Krismasi, atakutolea Haleluya ya Handel, besi zikitikisa mabati ya kanisa. Sasa mwambie achague mwimbaji mmoja tu, amsimamishe peke yake kando ya piano, aimbe dakika ishirini mbele ya watu waliokaa kimya. Atakuuliza: maiki iko wapi?

Katika miji yenye vyuo vya muziki, jioni ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Mashindano ya uimbaji yakiisha, washindi hukusanywa kwenye tumbuizo moja. Hapo utasikia nyimbo za opera, utasikia nyimbo fupi zilizotungwa kwa ajili ya sauti na piano, kisha zije nyimbo za tamthilia za muziki, zile za Broadway na London. Kwa jirani zetu wa Kenya mfano wa karibu ni Tamasha la Muziki lililoanza mwaka 1927. Washindi wake, wengi wao wakiwa wanafunzi, huitwa kuimba mbele ya Rais, na miongoni mwa madaraja ya mashindano hayo yamo ya mwimbaji mmoja. Mtoto wa Kikurya anayesoma Kehancha anaweza kuingia humo. Binamu yake wa Sirari, ambaye mpaka tu ndio umemtenga naye, ana mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako mambo ya sanaa huwa zaidi ni kwaya na ngoma. Ngoma nazipenda. Lakini mtoto mwenye koo la pekee hufichwa ndani ya kundi mpaka anamaliza shule bila yeyote kumsikia, hata yeye mwenyewe.

Basi tuseme tumbuizo la washindi limefika Tarime mjini, kwenye ukumbi wenye dari nzuri. Usikilize nini?

Anza na waimbaji wa opera. Hawa hawana maiki, na kazini kwao huimba juu ya okestra ya watu sitini na kuendelea. Kwa nguvu tupu hakuna koo linaloweza kushindana na matarumbeta na ngoma za shaba. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alilipima jambo hili miaka ya 1970 akaonyesha linavyowezekana. Kelele ya okestra imejaa zaidi kwenye mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda juu yake ndivyo inavyopungua. Mwanamume aliyefunzwa vizuri hushusha kikoromeo, akaliacha koo pana juu ya mlango mwembamba wa sauti, na hapo sauti yake hupata mng'ao wa ziada kwenye mitetemo ya karibu 3,000. Katika eneo hilo okestra imeshakuwa dhaifu, na sikio la binadamu liko kali kuliko sehemu nyingine. Sauti hupita mahali palipoachwa wazi. Ukiwa umekaa nyuma kabisa utaisikia kama imesimama pembeni yako, ingawa anayeimba hapigi kelele hata kidogo.

Sasa mfikirie mzee wa litungu. Litungu la Wakurya ni kubwa: nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi, na sauti nzito inayonguruma chini kabisa. Mpigaji ndiye huyo huyo mwimbaji. Akiimba kwa sauti laini ya duara atazama ndani ya chombo chake mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu mara nyingi koo hukazwa, sauti ikawa na ukali wa kukwaruza, na maneno yakatoka kwa kasi ya mtu anayesimulia na kusifu kwa pamoja. Tatizo ni lile lile la mwimbaji wa opera: chombo kimejaza chini, mwimbaji atafute nafasi juu yake. Ufumbuzi ndio uliotofautiana. Koo lililokazwa hubeba maneno vizuri sana, ila haliwezi kuvuta mstari mrefu wa wimbo kwa pumzi moja. Koo lililolegezwa huvuta mstari, nalo hulipa gharama yake kwenye maneno. Atakayesema mmoja ni fundi na mwingine ni mshamba hajui elimu ya sauti wala hajui Tarime.

Gharama hiyo ya maneno utaisikia hasa kwa wanawake wa sauti ya kwanza. Irabu *i* na *u* hutegemea mwangwi wa kinywa ulio chini ya mitetemo 400 hivi. Do ya juu ya soprano inapita 1,000. Hapo kinywa hakina njia ya kutengeneza *i* ya kweli, kwa hiyo mwimbaji hufungua taya, na kila neno likaelekea kwenye *a*. Watu wa kwetu hucheka: "Huyu anaimba nini?" Wasimcheke. Mtunzi mzuri analijua jambo hilo, ndiyo maana huweka neno la maana chini na kuiachia noti ya juu kilio au furaha tu.

Kitu kingine kinachochekwa ni mtetemo wa sauti. Sauti iliyofunzwa huyumba kidogo juu na chini, mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na sikio huusikia mwendo huo kama joto la sauti wala halioni kuyumba. Ukipungua kasi, sauti huanza kupepesuka kama ya mtu aliyechoka. Ukizidi, inakuwa mlio wa mbuzi. Waamuzi wa mashindano huusikiliza kwa makini, kwa sababu ni hapo inapojulikana mapema kama pumzi inashikwa na misuli ya mbavu na tumbo au koo limeachiwa kazi yote peke yake.

Kwenye matamshi, mtoto wa Tarime ana akiba asiyoijua. Kitaliano, lugha mama ya opera, kina irabu saba: kina *e* mbili na *o* mbili, moja ya kinywa kilichofumba kidogo na nyingine ya kinywa kilichofunguka. Kiswahili kina tano tu. Kikurya kina saba, na mpangilio wake ni huo huo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam asiye na lugha nyingine hufundishwa kwa muda mrefu kuzitenganisha *e* hizo. Wa Nyamwaga alizinyonya kwa mama yake. Sijaona mwalimu aliyeitumia akiba hiyo.

Nusu ya pili ya tumbuizo hubadilika kabisa, na msikilizaji asiyejua anaweza kudhani ni kundi jingine la waimbaji. Tamthilia za muziki zimekuwa zikitumia vipaza sauti kwa wingi tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mng'ao ule wa mitetemo 3,000 si lazima tena. Kilicho lazima ni maneno, maana hadithi yenyewe imo ndani ya wimbo. Neno moja likipotea, mtazamaji hajui ni kwa nini binti ameondoka nyumbani. Sauti inayotumika hapa imejengwa juu ya ile ya kusema, ikapandishwa bila kubadilishwa, mpaka inafika karibu na ukelele. Kwetu kila mtu anaijua: ni sauti ya mama anayemwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde. Kikoromeo hupanda kidogo, kinywa hupanuka, nyuzi za sauti hufungana kwa muda mrefu zaidi katika kila mtetemo. Ni sauti inayosisimua, na inaua koo haraka kama pumzi si imara. Mtu anaweza kuita mara moja. Kuigiza maonyesho manane kwa juma ni jambo jingine.

Mshindi wa daraja hili hapimwi kwa uzuri wa sauti peke yake. Mwamuzi anauliza: mhusika huyu alikuwa anazungumza, kwa nini sasa ameanza kuimba? Kama jibu halionekani usoni na mwilini kabla ya noti ya kwanza, alama zinashuka hata kama kila noti imekaa mahali pake. Afrika Mashariki imewahi kulijibu swali hilo vizuri sana. Byron Kawadwa wa Uganda alitunga *Oluyimba lwa Wankoko*, muziki wake ukatungwa na Wassanyi Serukenya, na mwaka 1977 kundi lake liliupeleka mchezo huo kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos. Ndani yake yalisemwa juu ya utawala mambo ambayo watu wa Kampala hawakuthubutu kuyasema. Kawadwa aliuawa mwaka huo huo baada ya kurudi nyumbani. Wanaodhani tamthilia za muziki ni burudani nyepesi za Wamarekani waanzie hapo.

Na kwa kuwa tuko jirani na Serengeti, siwezi kupita bila kulitaja lile onyesho la simba. *The Lion King* lilifunguliwa Broadway mwaka 1997 na bado linaonyeshwa mpaka leo. Wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki, Pumbaa. Nyika ile inafanana na ya kwetu, majina ni ya kwetu, lakini mwito wa kwanza unaopigwa jua likichomoza ni wa Kizulu, na aliyeutunga, Lebo M, ni mtu wa Afrika Kusini. Siwalaumu Waafrika Kusini. Walikuwa tayari na waimbaji.

Utayari wao unatuhusu, kwa sababu umetokana na vitu ambavyo tunavyo. Pretty Yende alizaliwa Piet Retief, mji mdogo wa Mpumalanga, akakulia katika uimbaji wa kanisani. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, mwaka 2011 akachukua tuzo ya kwanza ya Operalia, mashindano yaliyoanzishwa na Plácido Domingo mwaka 1993, na Mei 6, 2023 akaimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles. Nyuma ya waimbaji kama yeye kuna kwaya za makanisa na za shule, na kuna do-re-mi ya kuandikwa kwa herufi, ile iliyosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Mkoani Mara ni hivyo hivyo. Wamennonite walipofika Shirati mwaka 1934, na baadaye Nyabasi, walikuja na desturi ya kuimba sauti nne bila ala yoyote. Wakatoliki na Wasabato waliongeza zao. Leo kwenye daftari la kwaya yoyote Tarime utakuta d na m na s zimepangwa kwa nukta na mistari. Wenzetu wa Afrika Kusini waliongeza kitu kimoja juu ya hapo: katika mashindano yao ya kwaya walitenga nafasi ya mwimbaji mmoja, na kutoka jukwaa hilo walimu wa vyuo wakachagua.

Sisi tuna mashindano ya aina nyingine kabisa, na yana akili yake. Jirani zetu Wasukuma, pale Bujora, huyashindanisha makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu uwanjani kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Hakuna karatasi ya alama. Mcheza ngoma atafanya lolote, alete nyoka, alete fisi, mradi umati usogee. Kipimo hicho kinafaa ngoma. Kwa sauti moja ni kibaya, kwa kuwa umati husogelea kelele, na spika zimetufundisha kuamini kwamba kelele ndiyo kuimba. Siku hizi kwaya zetu zinakwenda mbali zaidi: zinasimama mbele ya waumini huku wimbo uliokwisha rekodiwa ukipigwa, midomo ikifuatisha. Kwa daraja la mwimbaji mmoja kunahitajika waamuzi wawili au watatu wanaojua wanachosikiliza, na karatasi anayorudishiwa mwimbaji ikiwa imeandikwa: hapa pumzi iliisha, hapa neno halikusikika.

Kuanza hakuhitaji jengo jipya. Chukua mashindano ya kwaya yaliyopo tayari, ya dayosisi au ya shule, uongeze alasiri moja. Maiki zizimwe. Kila mwimbaji alete nyimbo tatu: mmoja kutoka vitabu vya kanisa au wa mtunzi wa kale, mmoja wa asili wa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, na mmoja kutoka mchezo wa kuigiza, hata ukiwa umetungwa na mwalimu wake. Piano ni shida, nakubali; kinanda cha umeme kitatosha, sharti kile kitufe cha ngoma za kujipiga zenyewe kifungwe kwa gundi. Kwa wimbo wa asili aitwe mpiga litungu, alipwe, naye akae mbele mahali ambapo mpiga piano hukaa. Mwalimu wa sauti anaweza kutoka Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha, ambacho kinafundisha muziki hadi shahada, au chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo.

Wazazi huniuliza kama binti wa miaka 17 hajachelewa. Operalia inapokea waimbaji wa miaka 18 hadi 32. Anayo miaka kumi na mitano ya kujifunza. Kaka yake mwenye besi, ile ambayo Wakurya hujivunia, asimwonee wivu akitangulia kupata tuzo: besi ndiyo sauti inayoiva mwisho, na mwalimu mwenye busara hatampa nyimbo nzito kabla hajakaribia miaka thelathini.