Kanuni Isiyoongeza Kitu

Mtu amethibitisha kwamba jambo fulani ni la lazima, kisha akasema: basi jambo hilo ni kweli. Nani atambishia? Hata hivyo, katika K, mantiki ndogo kuliko zote katika ukoo wa mantiki za kawaida za ulazima na uwezekano, hatua hiyo haimo miongoni mwa kanuni za mfumo wala haiwezi kujengwa kutokana nazo. La ajabu ni kwamba ukiiongeza hupati thiorema, yaani sentensi inayothibitika, hata moja ambayo hukuwa nayo. Mjerumani Paul Lorenzen, mwaka 1955, aliziita kanuni za namna hii kanuni zinazokubalika. Wapo wanaoziona kama pambo tu. Mimi naona ndizo zinazotuonyesha mfumo ulivyo.

Tutumie michoro ya mwanamantiki Saul Kripke: nukta zilizounganishwa kwa mishale, ambamo “ni lazima A” ni kweli kwenye nukta fulani iwapo A ni kweli kila mshale wake unapofika. Chora nukta moja isiyo na mshale, p ikiwa uongo hapo. “Ni lazima p” inakuwa kweli bila jasho, kama asiye na mtoto anavyoweza kuapa kwamba watoto wake wote wamefaulu mtihani. Dhana imesimama, hitimisho limeanguka. Kanuni yetu haitokani na mfumo. Sasa chukua sentensi A isiyo thiorema. Upo mchoro wenye nukta ambapo A inashindwa. Ongeza nukta mpya yenye mshale mmoja tu, unaokwenda kwenye nukta hiyo: hapo “ni lazima A” inashindwa pia, kwa hiyo nayo si thiorema. Maana yake, popote “ni lazima A” inapothibitika, A ilishathibitika. Kanuni inayopotosha juu ya jambo la kudhaniwa tu haikosei kamwe juu ya lililokwisha kuthibitishwa.

Mpinzani atauliza: kama haizai kitu, ya nini? Jibu liko kwenye udhaifu wake. Ongeza kwenye K msingi usemao kwamba hakuna mshale popote. Kanuni zilizotokana na mfumo zote zitabaki salama, lakini yetu itauvunja: kila kitu sasa ni cha lazima, na kwa kanuni hiyo kila kitu kitakuwa kweli, hata ukinzani. Kumbe kukubalika kwake kulitegemea yale ambayo K haiyathibitishi, siri ambayo orodha ya kanuni haiitaji popote. (Mantiki ya kawaida ya “na”, “au” na “si” haina siri hiyo; humo kanuni zinazokubalika na zile zinazotokana na mfumo ni kitu kimoja.)

Wala tusidhani ni kazi nyepesi kuzitambua kanuni zinazokubalika, maana herufi za kanuni zinaweza kubadilishwa kwa sentensi zisizo na idadi. Mwaka 1975 mwanamantiki Harvey Friedman aliuliza kama ipo njia ya hakika ya kuzitambua katika mantiki ya kiintuisheni, ile isiyoikubali “A au si A” kama thiorema. Vladimir Rybakov akajibu mwaka 1984 kwamba ipo, na kwa S4, mantiki nyingine ya ulazima, vilevile. Lakini mwaka 2008 Frank Wolter na Michael Zakharyaschev waliipa K alama moja zaidi, yenye maana ya “katika kila nukta ya mchoro”. Kwa mfumo huo kompyuta inaweza kutuambia ipi ni thiorema na ipi siyo. Ipi ni kanuni inayokubalika, walithibitisha, hakuna programu itakayoweza kuamua daima.