Ruteri ya antene ine, PS4 haioni kitu

Jumapili mtoto wa yaya yangu aliingia ku nyumba, hapa Kamalondo, akikumbatia kartoni. « Papa mudogo, ona, iko na antene ine! » Ilikuwa ruteri ya dola 80, pesa aliyoweka pole pole kwa kuuza inite pembeni ya barabara. Ku duka walimwambia kwamba na ile masini, mpira wa PS4 hautakwama tena. Tukaichomeka nyuma ya modeme ya SIM ya mama yake, tukawasha konsoli, tukatafuta. Wifi za majirani tuliziona zote. Ya kwetu, hapana. Kijana akanyamaza. Alifikiri PS4 imekufa.

Kumbe haikufa. Niligeuza konsoli, nikasoma nambari ya nyuma: inaanza na CUH-1. Hapo njo kulikuwa jibu.

Wifi ya nyumba inapita hasa mu njia mbili, gigahezi 2,4 na gigahezi 5. PS4 za kwanza, zilizotoka mwaka 2013, zinajua ile ya 2,4 peke yake. PS4 Slim (CUH-2) na PS4 Pro (CUH-7) zinajua zote mbili, na PS5 vilevile. PS3 inabaki ku 2,4. Xbox 360 za zamani hazina hata wifi ndani. Zinataka kable ao kidude cha kuongeza. Sasa yule muuzaji, alipojaribu ruteri mbele ya kijana, alizima 2,4 ili telefone ionyeshe mbio kubwa. PS4 ilibaki kipofu. Tuliwasha 2,4 tena, jina likatokea palepale.

Basi kabla ya kutoa franga, ndugu msomaji, soma kwanza nambari ya konsoli yako. Maandishi ya ku kartoni, mega elfu ngapi kwa sekonde, yafuate nyuma. Na konsoli nyingi za hapa ni za mkono wa pili, zimetoka huku na huku. Zile zilizouzwa Amerika mara nyingi hazioni kanali 12 na 13 za wifi. Weka ruteri ku kanali 1, 6 ao 11, utalala usingizi.

Tukacheza. Mpira bado unakwama! Hapo kijana alianza kukasirika kweli, na nilimwelewa.

Shida ni hii: mchezo wa mtandaoni hauli mega nyingi. Mizajuru njo inakula, giga kumi, ishirini, siku moja. Mechi yenyewe inataka ujumbe mdogo uende na kurudi upesi, bila kuchelewa na bila kupotea. Kutoka Lubumbashi mpaka Paris ni zaidi ya kilometa 7.000. Hata mu fibre, mwanga unatumia milisekonde karibu 70 kwenda na kurudi, kama waya ungenyooka, na haunyooki. Hakuna antene itakayopunguza ile njia. Lakini ku nyumba unaweza kuacha kuongeza ucheleweshaji mwingine: 2,4 ya mtaa mzima inajaa, kila nyumba inapiga kelele mu kanali ileile, na ukuta wa matofali unameza sehemu yake.

Dawa ni kable. Kila PS4 iko na tundu lake nyuma. Na modeme ya mama, tulipoitazama muzuri, ilikuwa na tundu na wifi ya 2,4 tangu mwanzo! Ruteri ya antene ine haikuhitajika hata kidogo. Tena, ilikuwa inaongeza mlango wa pili juu ya ule wa modeme, na konsoli ikaandika « NAT aina ya 3 », maana yake kuongea na wachezaji wengine kwa shida. Modeme peke yake inaweza kutoa aina ya 2 ukiwasha UPnP, lakini kampuni nyingi za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo mipangilio yako haitoshi. Uliza mbele ya kununua forfe.

Kama modeme yako ni ile ndogo ya mfukoni, angalia: nyingi hazina tundu la kable. Hata ruteri ya Starlink ya kizazi cha pili haina, inataka kidude cha kando. Ya kizazi cha tatu iko nayo mbili.

Lundi kijana alirudisha kartoni. Muuzaji alinung'unika, kiisha akakubali kumrudishia dola 70. Kable ya metre kumi ilimgharimu dola 6. Iliyobaki amenunua inite, na jioni ile alinifunga matatu kwa bila.